Pete Tu Kwenye Slaidi: Safari ya Nakuru–Kisumu

Nimeyaandika haya baada ya kurudi, nikisaidiwa na daftari lililoloa mvua upande mmoja na picha nilizopiga kutoka viti vya nyuma. Nafanya kazi maabara hapa Nakuru. Kwetu ni nyanda za juu, mbu si wengi, kwa hiyo malaria tunayoikuta kwenye hadubini mara nyingi imeshuka kwenye basi: mtu alikwenda kusalimia wazazi Siaya, Busia au Kakamega, akarudi, wiki ya pili homa ikamkamata. Na kila nikikuta Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ninachokiona ni pete, vile vimelea vichanga vilivyojikunja ndani ya seli nyekundu. Vikomavu karibu sivioni kabisa. Chuoni tuliambiwa vimejificha kwenye mishipa midogo ya ndani, ubongo ukiwemo. Tukaandika, tukapita mtihani, mambo yakaishia hapo.

Niliposikia kuna mkutano wa wanasayansi Kisumu kuhusu vizuizi vinavyoulinda ubongo, na siku nzima ya malaria, niliomba likizo. Kiingilio cha Wakenya kilikuwa shilingi 3,500, chakula cha mchana na chai ndani yake. Nililipa kutoka mfukoni.

Jumanne: Nakuru hadi Kisumu

Matatu za Kisumu hujaa haraka alfajiri. Baada ya hapo ni kungoja. Mimi nilikaa ndani ya gari nusu tupu kutoka saa mbili hadi saa tatu na nusu, huku wachuuzi wakipitisha dirishani mayai, njugu karanga, soksi, chaja na dawa ya panya. Nauli shilingi 900. Jirani yangu, fundi wa paa anayekwenda Ahero, alisema yeye huilipa 700 siku za katikati ya wiki, na Desemba amewahi kuombwa 1,500, akakubali kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa.

Salgaa na Sachang'wan tulizipita tukiwa nyuma ya malori, mwendo wa pole. Mau Summit ilitupokea kwa mvua na baridi, na dirisha langu lilikuwa halifungi. Mbele kidogo ya Londiani Junction mkanda wa feni ukakatika. Dereva akafungua boneti, akatazama, akafunga, akasema fundi atatoka Kericho.

Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha mabati cha mama mmoja anayeuza chai na mahindi ya kuchemsha. Alitupigia kelele tuingie sote, tukabanana kwenye mabenchi mawili, wengine wamesimama. Kulikuwa na mtoto mdogo aliyelowa hadi soksi. Mama akamvua, akamfunga shuka lake mwenyewe, akamweka karibu na jiko. Kikombe kilikuwa shilingi 30. Mzee mmoja alitoa sarafu ya 20, akapekua mifuko yote, hana nyingine. Mama akamrudishia ile 20. "Kaa nayo, mzee, utawanunulia wajukuu peremende." Kisha akamjazia kikombe cha pili.

Fundi alifika baada ya saa mbili na zaidi, amebebwa na pikipiki, mkanda mpya shingoni. Kericho hadi Awasi nililala.

Ahero unaamka kwa joto. Sweta zinavuliwa gari zima, madirisha yanafunguliwa, mashamba ya mpunga pande zote. Kwa atakayesafiri njia hii: vaa sweta juu ya shati jepesi, maana Mau na Kisumu ni nchi mbili tofauti kwa siku moja, na usikae kiti cha mwisho, magurudumu ya nyuma yatakuvunja kiuno.

Kisumu tulifika saa kumi na moja jioni. Chumba nilichokilipia kwa simu kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Msichana wa mapokezi alinionyesha daftari kana kwamba daftari ndilo lenye makosa. Mlinzi wa geti ndiye aliyenisaidia. "Dada, usisimame hapo na begi, giza linaingia." Akaniombea ruhusa ya dakika kumi kwa mwenzake, akabeba begi langu hadi nyumba ya wageni mtaa wa pili, Milimani hapo hapo, akanisimamia bei: shilingi 1,800 pamoja na kifungua kinywa. Nilipotaka kumpa kitu alicheka, akasema nimnunulie soda siku ya kuondoka. Pesa za kile chumba cha kwanza zilirudi Ijumaa, baada ya simu nyingi.

Jumatano: rangi iliyokataa kuingia

Tuktuk ya kuchangia hadi ukumbini, shilingi 50. Ukumbi ulijaa watu wa vyuo vikuu na wa hospitali, wageni kiasi, na sisi wa maabara wachache mno. Ninasema hivi kwa uchungu kidogo. Matangazo yalibandikwa kwenye barua pepe za maprofesa. Mtu wa benchi ya maabara huyasikia kwa bahati.

Siku ya kwanza ilikuwa ya historia na misingi, na mimi nilidhani nitasinzia. Mhadhiri wa kwanza akaanza na rangi. Rangi ndiyo kazi yangu! Kila siku mikono yangu ina madoa ya Giemsa. Basi akaeleza kwamba Paul Ehrlich, Mjerumani aliyetufundisha karibu sote kuzipaka seli za damu rangi, alidunga rangi kwenye damu ya wanyama, na mwaka 1885 akaandika kwamba viungo vilikolea isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Ehrlich alidhani ubongo haushiki rangi hiyo, basi. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann akageuza jaribio: mwaka 1913 alidunga rangi ya tripani ya bluu moja kwa moja kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ukawa bluu, na mwili mwingine ukabaki mweupe. Kwa hiyo ubongo unashika rangi vizuri tu. Kuna kitu katikati yake na damu kinachoizuia.

Jina la kizuizi cha damu na ubongo lilienezwa na mwanasayansi Lina Stern mwaka 1921, akiwa Geneva, ambako alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa katika chuo kikuu cha huko. Alihamia Urusi ya Kisovieti mwaka 1925, akaingia Akademia ya Sayansi mwaka 1939, akakamatwa mwaka 1949 katika kesi ya Kamati ya Wayahudi ya Kupinga Ufashisti. Wenzake 13 waliuawa Agosti 1952. Yeye alipelekwa uhamishoni, akarudi, akaishi hadi 1968. Jioni tuktuk yangu ilipita mbele ya hospitali kuu ya rufaa, ile ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa sababu Wasovieti ndio walioijenga, nikamsimulia dereva habari za mama huyu. Akaniuliza kama walimlipa fidia.

Ukuta wenyewe ulionekana vizuri mwaka 1967, watafiti Reese na Karnovsky walipotumia hadubini ya elektroni. Seli zinazopanga mshipa mdogo wa ubongo zimeshonana ubavu kwa ubavu, hakuna upenyo wa maji kupita katikati. Kwa nje zimeshikiliwa na seli nyingine, na miguu ya astrositi, seli saidizi za ubongo, imezizunguka. Mishipa hiyo midogo katika kichwa cha mtu mzima ikiungwa mwanzo hadi mwisho inafika karibu kilomita 600, yaani Nakuru–Kisumu zaidi ya mara tatu. Na si ukuta mmoja. Kuna kizuizi kingine pale maji ya ubongo yanapotengenezwa, na kingine kwenye utando wa nje.

Sukari ina mlango wake. Dopamini, kemikali ya ubongo, haina, ndiyo maana mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, hupewa levodopa, inayoingia kwa mlango wa amino asidi na kugeuzwa huko ndani. Na kuna protini zinazokaa mlangoni kutimua. Mfano uliochekesha ukumbi ni wa dawa za mzio: Piriton inapita, ndiyo unapiga miayo hadi jioni, cetirizini inatimuliwa kwa wingi, ndiyo unaweza kufanya kazi. Loperamidi ya kuhara ni jamaa wa afyuni, lakini ikifika mlangoni inarudishwa, inabaki kufunga tumbo tu.

Mchana: wali, chapati, nyama ya ng'ombe, mnavu uliopikwa kwa maziwa. Mnavu ulikwisha kabla foleni haijafika kwangu.

Alhamisi: malaria

Siku niliyoifuata. Nilikaa mstari wa pili.

Daktari wa watoto aliyewahi kufanya kazi Blantyre, Malawi, alianza kwa kutuonyesha slaidi mbili: damu ya kidole yenye pete, kama zangu za kila siku, na kipande cha ubongo wa mtoto aliyefariki. Kwenye kipande hicho mshipa mdogo umepangwa seli nyekundu ukutani, na ndani ya kila moja kuna kimelea kikubwa chenye doa jeusi. Ndivyo hivyo vikomavu vyangu. Nilizoea kuvisoma, sikuwa nimevitazama usoni.

Maelezo yalikuwa hivi. Kimelea kinakaa ndani ya seli nyekundu saa 48. Kinapofika nusu ya umri wake kinatoa protini kwenye ngozi ya seli, PfEMP1, yenye kunasa ukuta wa mshipa, kisipelekwe kwenye wengu kuchujwa. Moja ya vishikio vyake ukutani ni EPCR, kipokezi ambacho kazi yake ya kawaida ni kuzuia damu kuganda ovyo na kuutuliza ukuta usivuje. Hilo la EPCR lilichapishwa mwaka 2013. Kimelea kikikalia kishikio hicho, kazi hiyo inasimama. Damu inaziba, ukuta unavuja, ubongo unavimba.

Na hapa ndipo penye jambo lililonipeleka Kisumu: kimelea chenyewe hakivuki. Hakiingii kwenye nyama ya ubongo. Kinaua kikiwa ndani ya mshipa, upande wa damu wa ukuta. Miaka yote nilikuwa nikidhani malaria ya ubongo ni wadudu walioingia ubongoni, na wagonjwa wengi wanadhani hivyo pia.

Blantyre walifanya mambo mawili ambayo sitayasahau. Katika uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 2004, watoto 31 waliokuwa na dalili zote za malaria ya ubongo, 7 kati yao waligundulika wamekufa kwa sababu nyingine kabisa, ingawa damu yao ilikuwa na vimelea. Kilichowatofautisha vizuri zaidi wakiwa hai ni jicho: retina ina mishipa ya aina ile ile yenye ukuta ule ule, na daktari akipanua mboni akachungulia, anaona madoa meupe na damu iliyovuja. Halafu mwaka 2015 wakatoa matokeo ya picha za MRI. Watoto 168, 25 wakafariki. Kati ya hao 25, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo tangu walipolazwa; kati ya waliopona 143, walikuwa 39. Fuvu halipanuki, uvimbe unashuka kwenye shina la ubongo, pumzi inakata.

Wakati wa chai palizuka ubishi. Mtafiti mmoja alikuwa ameleta kazi ya panya, ambao kwao seli za kinga aina ya CD8 ndizo zinazovunja ukuta. Daktari wa Blantyre akamwambia waziwazi: panya wako si mtoto wangu. Sauti zikapanda, mandazi yakapoa. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na hoja, ila nilichoka kuona picha za panya nyingi kuliko za watu, tena Kisumu, mahali ambapo wodi za watoto ziko umbali wa tuktuk.

Mchana ndipo pete zangu zilipopata heshima. Jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010, liliwachukua watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti, dawa nyingine ya malaria, asilimia 8.5. Sababu mojawapo: kwinini hukamata zaidi vimelea vilivyokwisha kukua, na hivyo tayari vimenasa. Artesuneti huua na pete, zikiwa bado zinazunguka kwenye damu, kabla hazijafika ukutani. Kila pete ninayoihesabu asubuhi ni kimelea ambacho hakijanasa bado. Nilipoandika hilo kwenye daftari nilipigia mstari mara mbili.

Swali langu niliuliza mwishoni: sisi tunaohesabu pete, idadi ndogo ina maana mtoto yuko salama? Jibu: hapana, maana mzigo mkubwa unaweza kuwa umenasa ndani. Msemaji alisema mtoto akiwa amepoteza fahamu au ana degedege zisizokwisha, asicheleweshwe kwa sababu slaidi ina pete chache.

Hata kupona kuna deni. Utafiti wa Kampala wa mwaka 2008 ulikuta mtoto mmoja kati ya wanne, miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, ana upungufu katika uwezo wa kufikiri.

Ijumaa: malale asubuhi, Dunga jioni

Ukumbi ulikuwa nusu. Wageni wengi walikuwa wameshaondoka, hasara kwao. Mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ya mbung'o bonde la Lambwe kule Homa Bay, alizungumza bila slaidi hata moja.

Vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, tofauti na vya malaria, vinavuka. Mwanzoni viko kwenye damu na tezi, baadaye vinaingia ubongoni, mtu analala mchana na kukesha usiku. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huu uliua zaidi ya watu 200,000 kwenye fukwe za kaskazini za ziwa hili, upande wa Busoga. Robert Koch mwenyewe, yule mtaalamu maarufu wa vijidudu wa Kijerumani, alikuja visiwa vya Ssese mwaka 1906, akawadunga wagonjwa atoksili yenye aseniki, na baadhi wakapofuka.

Kisha mzee akaturudisha kwenye rangi. Tripani za Ehrlich zilitafutwa ili kuua vimelea hivi hivi. Kutoka ukoo huo wa rangi ikazaliwa suramini, dawa ya hatua ya kwanza, na ina tabia ile ile aliyoiona Goldmann: haiingii ubongoni. Kwa hatua ya pili ikabidi kutumia melarsoproli, aseniki tena, tangu 1949. Inavuka, lakini karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. "Tulitumia sindano za kioo," akasema, "plastiki ilikuwa inayeyuka. Na mnadunga hicho kwenye mshipa wa mtoto wa mtu." Akanyamaza kidogo, akanywa maji. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, na Agosti 2025 WHO ilithibitisha kwamba Kenya imeuondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Ukumbi ulimpigia mzee makofi akiwa bado anatafuta miwani yake.

Mkutano ulifungwa saa nane. Nikachukua bodaboda hadi Dunga, shilingi 150 baada ya kubishana kutoka 250. Hapo unachagua samaki akiwa mbichi, unakubaliana bei, ndipo anakaangwa. Ngege wa ukubwa wa kiganja na nusu alikuwa 600, pamoja na ugali, sukuma na kachumbari. Nilitaka kumla kwa uma. Mama mpishi akaninyang'anya kwa upole. "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "samaki huyo ana miiba, vidole vinaona." Akakaa akanionyesha pa kuanzia, chini ya shavu, ambapo nyama ni laini kuliko kote. Usiagize wakati tumbo linauma njaa: kutoka kuchagua hadi kula ni dakika 40.

Usiku nilimpelekea mlinzi soda yake. Alichagua Stoney, baridi sana.

Jumamosi: kurudi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lilikuwa limejaa. Nauli 800. Nikijumlisha yote, kiingilio, malazi, nauli, tuktuk na chakula, ni shilingi 15,000 hivi, na wa Nakuru anaweza kupunguza akipata ndugu wa kumlaza Kisumu. Awasi nilinunua miwa, Kericho tulisimama dakika kumi za choo na chai, na Londiani Junction mvua haikuwepo. Kibanda cha mama wa chai kilikuwa kimefungwa, Jumamosi ana kanisa, akasema kondakta.

Kutoka Ahero nilikuwa nimekaa na mama kijana na mtoto wa miaka mitatu hivi, wakirudi Nakuru baada ya wiki mbili kwa bibi, Siaya. Aliona begi langu la mkutano, akaniita daktari. Nikamwambia mimi ni wa maabara. Akasema ni hiyo hiyo.

"Huyu alizaliwa Nakuru," nikamuuliza, "hajawahi kuugua malaria?"

"Hajawahi, dada. Neti ya bibi ilikuwa na matundu, lakini."

Nikamweleza: mtoto aliyekulia juu hana kinga kama ya binamu zake wa Siaya. Akipata homa mwezi huu, hata kama anacheza, apimwe siku hiyo hiyo, na kitu cha kwanza kusema dirishani si homa, ni safari.

"Na wakisema ni mafua tu?"

"Waambie mmetoka Siaya, na uombe slaidi."

Akatoa simu, akaandika tarehe waliyotoka kwa bibi, akaniomba nimtamkie tena jina la kipimo kile cha tone la damu kwenye kioo.